Tusekile na Matundu Sabini na Mawili

Siku ya kwanza tulipokutana, Tusekile aliniuliza kama nimekula, kisha akaniuliza kama najua ninachokifanya. Nilijibu ndiyo kwa maswali yote mawili, na kwa yote mawili nilikuwa nadanganya kidogo. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi mitatu tu kabla ya hapo. Kwapani nilibana michoro ya ghala, na viatu vyangu vilikuwa bado havijawahi kukanyaga zege.

“Basi kaa, Injinia,” alisema. “Kula kwanza hiki kiazi, halafu unieleze hiki ulichochora. Naona ukuta umeutoboa kama chujio.”

Ndivyo nilivyomjua Tusekile, fundi mwashi wa Uyole, Mbeya, mwanamke wa miaka arobaini na saba mwenye mikono mipana na kicheko kinachosikika mpaka barabara kuu, hata malori yanapopita. Hakucheka kwa utani peke yake. Alicheka kitu kilipokubali. Timazi ya kupimia wima wa ukuta ikitulia palepale alipotaka, alicheka. Mfuniko ukienea kwenye ndoo yake, alicheka. Kwa kuwa kwenye kazi yake vitu vingi vilikubali, siku zake zilikuwa na kelele nyingi.

Ushirika wa wakulima wa viazi ulikuwa umeamua kujenga maghala mawili. Kila msimu viazi vilikuwa vikioza vibandani kwa sababu watu wote huvuna mara moja. Ghala la kwanza lingejengwa Uyole, na la pili Iringa, upande wa Kihesa, kwa wenzao wa ushirika wa kule. Wajumbe wa pande zote mbili walikubaliana hivi: la Uyole likimaliza wiki tano na viazi ndani yake, na katika kila viazi mia visioze zaidi ya vitano, basi fundi aliyelijenga ndiye atakayeongoza ujenzi wa Iringa. Likishindwa, Iringa watajenga kwa matofali yao ya kuchoma na kwa fundi wao wenyewe.

Fundi wao alikuwa Shedrack, mume wa Anjela, mdogo wake Tusekile.

Hapo lazima nirudi nyuma. Tusekile alikwenda Iringa akiwa na miaka kumi na tisa, akafikia kwa mdogo wake aliyetangulia kuolewa Kihesa, na shemeji yake akampa kazi ya kubeba maji na mchanga kwenye majengo yake. Aliibeba kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Mafundi walipokwenda kula ugali mchana, yeye alishika mwiko, akajenga mstari mmoja upande wa nyuma ambako hakuna anayepita, kisha akaubomoa kabla hawajarudi. Siku moja alinogewa, akasahau kubomoa. Shedrack alipozunguka nyumba aliuona ule mstari, akauwekea kamba.

“Nani kajenga hapa?”

Mafundi walitazamana, Tusekile akainamia ndoo yake.

“Aliyejenga hapa aendelee,” alisema Shedrack. Halafu akageuka. “Tusekile, maji yameisha.”

Mstari ule haujabomolewa mpaka leo, na mwenye nyumba hana habari. Tusekile alinisimulia kisa hiki si chini ya mara nne, na kila mara alicheka alipofika kwenye maji. Lakini baada ya kucheka alikuwa akitazama mikono yake. Alirudi Uyole akajenga vyoo, kisha majiko, kisha nyumba za watu, na mwishowe darasa la watoto wadogo. Ghala hakuwahi kupewa, achilia mbali kuongoza mafundi wa Kihesa, mahali alipokuwa mbeba maji. Alitaka kazi ile ya Iringa kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hakulisema jambo hilo. Alinunua tu timazi mpya, akaifunga ndani ya kitambaa, na kusema kwamba ile ni ya Kihesa.

Matofali tuliyotumia hayakuchomwa. Udongo tuliuchimba palepale kiwanjani, kwenye shimo ambalo baadaye lilikuja kuwa tenki la maji ya mvua. Tuliuchanganya na saruji kidogo, tukaukandamiza kwa mashine ya mkono, kisha tukayaweka matofali kivulini chini ya nyasi mbichi kwa wiki nne. Hapakukatwa mti hata mmoja kwa ajili ya tanuru. Nilipoeleza hayo, Tusekile hakubishana. Alichukua tofali moja, akalizamisha ndani ya ndoo ya maji, akaenda nyumbani. Asubuhi alilitoa, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, akarukaruka. Tulisikia kicheko kabla hatujafika.

Shedrack alipata habari. Alipiga simu wakati wa chai, na Tusekile akaweka sauti ya wote kusikia.

“Kamwene, shemeji,” Shedrack alisalimia kwa Kihehe. “Nasikia unajenga ghala kwa udongo mbichi.”

“Kamwene. Si mbichi, umekandamizwa.”

“Tofali ambalo halijaona moto, shemeji, hilo ni andazi.”

“Basi njoo na chai.”

“Na mvua za Mbeya je?”

“Zitapita pembeni. Paa langu litatokeza nje mita nzima na nusu. Nyumba zako wewe ndizo zinazovaa kofia ya mtoto mchanga.”

Mafundi walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Shedrack naye alikuwa akicheka kule aliko, na kwa furaha hiyo akajifunga mwenyewe. “Sikiliza. Ghala hilo likipita, siku ya kwanza ya kazi hapa Kihesa nitakuchotea maji mimi mwenyewe.”

“Kwa ndoo kichwani?”

“Kichwani.”

“Bila kata ya kuwekea ndoo?”

“Kata nitaweka, shemeji. Mimi ni mtu mzima.”

Ghala lilisimama. Lilikuwa na urefu wa mita arobaini na upana wa mita kumi na sita, kuta nene za rangi ya udongo wa Uyole, na kenchi za kubebea paa, za mbao za msindano kutoka Mufindi. Sehemu ya mbele, ya kushushia mizigo, tuliweka mabati machache yanayopitisha mwanga ili watu wafanye kazi bila taa. Sehemu ya nyuma tuliiacha gizani, kwa sababu kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani. Juu kabisa paa lilikuwa na upenyo mrefu uliofunikwa kwa kofia ya bati. Chini, kuzunguka kuta zote, palikuwa na matundu sabini na mawili yenye wavu wa kuzuia panya na vifuniko vya mbao. Jua likizama vifuniko hufunguliwa, hewa ya baridi inaingia chini, na hewa ya moto inatokea juu. Jua likipanda hufungwa, na kuta nene zinaitunza ile baridi mpaka jioni. Hakuna feni wala umeme. Niliyaeleza haya kwa wanachama wote mbele ya ubao, kwa mishale ya bluu na nyekundu, na wote wakatikisa vichwa kukubali. Nilifurahi sana na mishale yangu.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita tuliingiza gunia arobaini. Joyness, mwanachama aliyechaguliwa kuwa mtunza ghala, alikabidhiwa funguo, kipimajoto na daftari. Wiki tatu na siku mbili zilikwenda vizuri. Kisha nikatumwa Idodi, bondeni kwenye joto, kwa siku tisa kupima kiwanja kingine, na baridi yenyewe ya Uyole ikashuka wakati mimi niko huko najifuta jasho.

Nilikuwa nikipiga simu kila jioni.

“Ghala likoje, dada Joyness?”

“Zuri mno, Injinia. Huwezi kuamini. Watu hawataki hata kutoka.”

Nililala kwa furaha kila siku. Sikuuliza namba kwenye kipimajoto hata mara moja, na kosa hilo ni langu, nalibeba.

Nilirudi Jumanne mchana. Nilipokaribia ghala nilisikia kwaya ikiimba, na sauti zilikuwa zinatoka ndani. Nilisukuma mlango. Sehemu ya kushushia mizigo ilikuwa imejaa. Kwaya ilikuwa imepanga mistari mitatu mbele ya gunia. Kina mama sita walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakifuma sweta, katikati yao jiko la mkaa na birika juu yake. Mwanakwaya mmoja mzee alikuwa amevua viatu. Na pale kwenye kigoda, mgongo ukutani, sweta lake limefungwa kiunoni, alikuwa Tusekile, akipokea sifa kama bibi harusi.

“Ona, Injinia,” alisema, na uso wake uling’aa. “Uyole nzima inatetemeka, humu ndani watu wanavua masweta. Hata mchungaji alipita hapa akasema hajawahi kuona jengo linalokumbatia watu namna hii.”

Nilitazama kipimajoto. Digrii kumi na nane. Tulikuwa tunataka kumi, au chini yake.

“Mama,” nilisema, “matundu yako wapi?”

Kwaya ilinyamaza sauti moja baada ya nyingine. Joyness alifungua daftari lake, ambamo kila siku alikuwa ameandika joto kwa mwandiko mzuri, na kila lilipopanda alikuwa ameweka alama ya vema.

“Tulivionea viazi huruma, Injinia,” alisema. “Usiku ule wa kwanza wa baridi kali nilikuja kufungua vifuniko, upepo ukaingia unakata kama wembe. Viazi vimelala pale sakafuni, na gunia lenyewe jepesi. Nikaziba matundu mawili tu, yale ya upande wa upepo. Kesho yake mwenzangu wa zamu akaziba matatu.”

Wala haikuwa ajabu. Huku kwetu mtoto hufundishwa kuziba upenyo kabla hajafundishwa kuhesabu. Mgeni akiingia anafunga mlango nyuma yake bila kuambiwa. Nyumba yenye joto ndiyo nyumba iliyojengwa, na fundi anayeacha upepo upite, jina lake linaharibika kijiji kizima. Watu sitini wema walikuwa wamepita kwenye ghala lile, na kila mmoja alikuwa ametenda wema wake kidogo.

Tusekile alikuwa bado hajaelewa, au alikuwa ameelewa na hataki. Alisimama kutoka kwenye kigoda.

“Kwa hiyo watu wakistarehe humu ndani, mimi nimeshindwa.”

“Ndiyo, mama.”

“Na wakitetemeka, nimefaulu.”

“Ndiyo.”

“Na hizi sifa zote nilizopewa wiki nzima.”

“Ni za nyumba ya kulala, mama. Viazi havijasifu.”

Niliogopa angelia. Aliuliza kwa sauti ndogo, “Shemeji anakuja lini na wajumbe wake?”

“Ijumaa.”

Alilifungua sweta kiunoni, akalivaa, akakunja mikono yake. “Birika litoke,” alisema. “Kwaya itoke, na Mungu awabariki, mnaimba vizuri. Ninyi wengine mniletee tindo.”

Mchana ule tulizibua matundu, na kilichotoka humo kingetosha kuvalisha ukoo. Palikuwa na viroba, nyasi kavu, magunzi ya mahindi, kitambaa cha meza kilichodariziwa maua, soksi saba zisizofanana, na sweta la mtoto lenye vifungo vya umbo la bata. Kila kitu kilipotoka mwenyewe alikuja kukichukua, akitazama pembeni. Mwenye kitambaa cha meza alisema alikiweka kwa sababu ghala ni la ushirika, haifai kuziba kwa tambara. Kicheko kilianza kwa wanakwaya waliokuwa nje, kikaingia ndani, na mpaka tunafika tundu la hamsini hata Joyness, aliyeanza kazi ile akilia, alikuwa amejishika mbavu.

Tulipofika nyuma ya kigoda cha Tusekile, kicheko kilikatika. Pale palipaswa kuwa na matundu mawili, na palikuwa na ukuta, laini, ulionyooka, wenye lipu iliyopigwa vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya jengo lile. Hakuna mtu Uyole asiyejua lipu hiyo ni ya nani.

Tusekile aliipapasa kwa kiganja.

“Nakumbuka mgongo ulikuwa unapigwa na ubaridi,” alisema polepole. “Na mwiko ulikuwa karibu. Sikumbuki kitu kingine. Mkono ulijifanyia wenyewe, Injinia. Miaka ishirini naufundisha kuziba.”

Aliitwaa tindo, akaipasua lipu yake mwenyewe. Ilikuwa ngumu. Ilimchukua karibu saa nzima, na kila kipande kilipoanguka alikisifia.

Jioni ile matundu sabini na mawili yalikuwa wazi, hewa ikaingia kwa filimbi. Alhamisi kipimajoto kilisoma digrii tisa, na Joyness akaiandika namba hiyo huku akiwa amevaa makoti mawili. Lakini viazi vilikuwa vimeshakaa kwenye joto siku tisa, na hakuna aliyejua vimeumia kiasi gani. Joyness alishauri tufungue gunia za mbele, tutoe vilivyooza kabla wageni hawajafika.

“Zisiguswe,” alisema Tusekile. “Shemeji akishika kibovu, na ashike kibovu. Sitaki kwenda Kihesa kwa gunia lililochambuliwa.”

Ijumaa Shedrack alishuka kwenye gari na wajumbe wanne, mtu mrefu mwenye mvi za heshima na jaketi jepesi la sherehe. Alizunguka nje kwanza. Alipitisha kamba kwenye kuta, akakwaruza tofali kwa funguo, akalikwaruza tena kwa nguvu zaidi. Alitazama paa lilivyotokeza, akatazama alama za matone ya msimu mzima wa mvua, zote mbali na ukuta. Tusekile alimfuata nyuma bila kicheko hata kimoja, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Kisha akaingia ndani. Alifika katikati ya ghala, akasimama, akainua mabega mpaka masikioni.

“Shemeji,” alisema, “hapa pana nini?”

“Pana nini wapi?”

“Hii baridi. Nje kuna jua, humu ndani ni kama mmeficha baridi yote ya mlima wa Kitulo.” Meno yake yalianza kugongana. “Umejenga friji. Friji bila umeme. Nipeni koti, jamani.”

Kina mama wote walitazamana, na mmoja wao, mwenye kitambaa cha meza, alijiziba mdomo kwa mkono. Tusekile bado hakucheka. Alikuwa anatazama gunia.

“Chagua,” alisema.

Shedrack alipewa koti la Joyness lenye maua, akalivaa bila kubisha, na akachagua vibaya kabisa, yaani gunia lililokuwa karibu na kigoda, pale penye matundu mawili yaliyokuwa yamepigwa lipu. Lilimwagwa kwenye turubai. Tukahesabu viazi mia, yeye mwenyewe akivigeuza kimoja kimoja. Kibovu cha kwanza kilitokea mapema, cha pili kikafuata. Kufikia themanini vilikuwa vinne. Kwenye tisini na moja kikaja cha tano. Sikuweza kumtazama Tusekile.

Kiazi cha tisini na saba kilikuwa cheusi upande mmoja, kimekunjamana, kina nundu. Shedrack alikishika juu, akakinusa, akakibonyeza.

“Hiki kimekufa,” alisema mjumbe mmoja.

“Hakijafa,” alisema Joyness. “Kina sura mbaya tu, kama mashemeji wengine.”

Tusekile alinyoosha mkono, akakichukua. Alitoa kisu kidogo mfukoni. Alikikata katikati. Ndani kilikuwa cheupe, kigumu, kikitoa maji safi. Alimpa Shedrack nusu moja.

Shedrack alikitazama muda mrefu, ndani ya koti lake la maua. Alivigeuza vitatu vilivyobaki, na vyote vilikuwa vizima. Kisha akaweka nusu ya kiazi mfukoni, kana kwamba anakwenda kumwonyesha mtu.

“Jumatatu ijayo tunachimba msingi,” alisema. “Uje mapema, fundi. Kihesa asubuhi kuna upepo.”

Alisema fundi. Katika miaka yote ile alikuwa hajawahi. Ndipo kicheko cha Tusekile kilipotoka, na sijui kwa nini tuliruka juu, wajumbe, kwaya na mimi, kwenye baridi ile, tukipigana mabega kama watu waliofunga goli. Joyness alirukia koti lake mwilini mwa Shedrack ili alichukue, likachanika kwapani, na hakuna aliyejali.

Jumatatu tulikuwa Kihesa. Tusekile alifungua kitambaa, akatoa timazi mpya, akaitundika kwenye kigingi cha kwanza. Mafundi wa pale walikuwa wamejipanga, baadhi yao wazee waliomkumbuka. Shedrack alikuja akipanda mteremko kutoka bombani, ndoo kichwani, kata mbili badala ya moja, shingo imekakamaa, na maji yakimshuka mgongoni kila hatua. Nyuma yake Anjela alikuwa anapiga picha kwa simu.

Aliitua ndoo mbele ya Tusekile. Ilikuwa imebaki nusu.

Tusekile alichungulia ndani yake. Akatazama timazi, ambayo ilikuwa imetulia palepale alipoitaka.

“Ahsante, shemeji,” alisema, na tayari mabega yake yalikuwa yanatikisika. “Maji yameisha.”